Picha Nazo Zisafiri



Mwaka 1871 palikuwa na mfuko wa barua umelala hapa Unyanyembe, Tabora, ukingoja mtu wa kuufikisha Ujiji. Ulikuwa wa Daktari Livingstone, na juu yake iliandikwa tarehe ya kufungwa kwake Unguja: Novemba mosi, 1870. Msafara uliopewa kuubeba ulijikalia Bagamoyo miezi mitatu hivi bila kuondoka. Ulipofika huku, vita ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora ikawa imeifunga njia ya magharibi. Mwenye barua yuko Ujiji, amekata tamaa ya kupata habari za kwao, na barua zake ziko hapa. Hazijaibwa wala hazijapotea, zimekaa tu. Mwandishi Stanley ndiye aliyeuchukua mfuko ule, akazunguka nao kwa kusini kukwepa vita, akaukabidhi kwa mwenyewe mwishoni mwa mwaka 1871.

Nimeanza na mfuko huo kwa sababu kwenye njia ileile bado tuna vitu vinavyokaa tu wakati mwenyewe anavihitaji kwingine, na leo ni picha za ubongo. Nazungumza na familia zenye mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo ambaye amekwisha kupigwa mionzi, amerudi nyumbani Tabora, Urambo, Sikonge au Nzega, na sasa anaambiwa akapige picha ili ijulikane hali inaendaje. Wengi hudhani sehemu ngumu imeisha: upasuaji umepita, mionzi imepita, zimebaki picha. Kumbe hapo ndipo madaktari wenyewe wanapokuna vichwa. Picha ya ubongo uliopigwa mionzi inaweza kukuonyesha ubaya ambao haupo, na siku nyingine ikakufichia ulipo.

Tuchukue mfano, wa kutunga, lakini hauko mbali na yanayotokea. Mama wa Ipuli, hapa Tabora, umri miaka arobaini na ushei. Kichwa kinamuuma alfajiri, akiamka anatapika, mchana anapata nafuu. Anatibiwa malaria, anatibiwa taifodi, anatibiwa presha. Siku moja anaanguka sokoni, mwili unamkakamaa, povu mdomoni, watu wanasema kifafa. Hospitali ya Kitete wanampiga CT skani, na upande wa kulia wa ubongo kinaonekana kitu. Anapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, ambayo jina lake linataja mifupa lakini upasuaji wa ubongo nao ni kazi yake. Anafunguliwa kichwa, uvimbe unatolewa kwa kadiri ulivyotoleka, kipande kinapelekwa maabara. Jibu: glioma ya daraja la juu, yaani kansa kali ya ubongo. Kutoka hapo anakwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kwa mionzi. Mwingine wa huku kwetu angeweza kupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako nako mionzi inatolewa.

Kwa uvimbe wa namna hiyo, utaratibu ulioenea duniani tangu mwaka 2005 ni grei 60 za mionzi, zigawanywe mara 30, grei 2 kila siku ya kazi kwa wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomidi. Kabla ya siku ya kwanza mgonjwa anatengenezewa kinyago. Bamba la plastiki lenye matundu linawekwa kwenye maji ya moto mpaka linalegea, linatandazwa usoni, linafuata pua, paji na kidevu, likipoa linakuwa gumu. Kila siku anavalishwa kinyago hicho na kinabanwa kwenye kitanda cha mashine ili kichwa kisisogee, kwa maana hapo hesabu zinakwenda kwa milimita. Nywele zinanyonyoka pale mionzi inapopita tu, kwa hiyo mama anabaki na upara wa upande mmoja, anajifunga kitambaa. Wiki ya sita ikiisha anarudi Tabora, zaidi ya kilomita 800 kwa reli ya kati.

Baada ya miezi miwili anapiga picha. Ripoti inasema eneo linalong'aa limeongezeka, na pembeni yake pamejaa maji. Kaka mtu anaisoma, jirani aliyefika chuo naye anaisoma, wote wawili wanaelewa neno moja: umerudi. Kikao cha ukoo kinaitishwa. Mmoja anasema ng'ombe wauzwe arudishwe Dar. Mwingine anasema hela imekwisha kwenda bure, sasa tumtafutie tiba ya kienyeji. Wapo na wanaoanza kunong'ona habari za mtu fulani aliyemchezea.

Ngoja kwanza. Kabla ya ng'ombe, tuulizane: hicho kinachong'aa ni nini?

Ubongo una ulinzi wake. Mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake imebana kuliko ya mahali pengine mwilini, haipitishi kila kitu. Mgonjwa anapopigwa MRI huchomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, iliyotengenezwa kwa madini ya gadoliniamu. Kwenye ubongo usio na kasoro dawa hiyo inapita na damu na kwenda zake. Mahali ambapo mishipa imebomoka inavuja, na palipovuja panang'aa kwa weupe kwenye picha. Uvimbe mkali hujitengenezea mishipa mibovu, ndiyo maana unang'aa. Lakini mionzi nayo huiumiza mishipa, nayo ikiumia huvuja vilevile. Kwa hiyo ule weupe unasema kitu kimoja tu, kwamba hapa panavuja. Nani aliyepavujisha, picha haisemi.

Wakulima wa tumbaku wa huku kwetu wanalijua jambo hili bila kusoma udaktari: ukichoma pori la kuandaa shamba, siku ya tatu moshi bado unafuka. Aliye mbali akiuona moshi anadhani moto unaendelea. Inawezekana kweli kuna gogo linaungua chini, na inawezekana ni majivu yanayopoa. Kwa kutazama moshi peke yake hutajua, labda urudi baada ya siku kadhaa uone kama umezidi au umekwisha.

Kwa wagonjwa wa glioma kali waliopata mionzi pamoja na temozolomidi, hali hii ya picha kuonekana mbaya kisha ikatulia yenyewe bila kubadilishiwa dawa si ya nadra. Tafiti nyingi zinaikuta kwa mgonjwa mmoja katika kila watano, nyingine mmoja katika kila watatu, na hutokea zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi. Anayemfanyia mgonjwa huyo uamuzi kwa picha moja anaweza kumkatiza dawa inayomsaidia, au kumfungua kichwa kwa mara ya pili akakuta tishu iliyokufa. Na lipo jambo lingine linalokuja baadaye, kuanzia miezi sita mpaka miaka kadhaa: sehemu ya ubongo iliyopata mionzi mingi inakufa taratibu, inavimba, inasukuma wenzake, na mgonjwa anaumwa kwelikweli, anaumwa kichwa, anapooza mkono. Hilo ni ugonjwa, si udanganyifu wa picha, lakini si kansa. Tiba yake ni tofauti: dawa za kupunguza uvimbe, pengine bevasizumabu, wakati mwingine upasuaji. Kumwongezea mtu huyo mionzi kwa kudhani kansa imerudi ni kumwongezea kilekile kilichomuumiza.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa wakaweka kanuni. Mwaka 2010 walitoa vigezo vinavyojulikana kama RANO, vikachukua nafasi ya vile vya mwaka 1990 vilivyotegemea zaidi kipimo cha weupe. Upimaji wenyewe ni wa kawaida: daktari wa radiolojia anatafuta mahali ambapo kitu kinaonekana kikubwa kuliko pote, anapima urefu wake, anapima upana unaoukata urefu huo, anazidisha. Jibu likipanda kwa asilimia 25 au zaidi, kuna mashaka kwamba ugonjwa umeendelea. Ila ndani ya wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, kanuni zile zilisema usitangaze kwamba umerudi kwa picha peke yake, isipokuwa weupe mpya uko nje ya eneo lililopigwa mionzi, au kipande kimepimwa maabara kikaonekana kina kansa. Mwaka 2023 vigezo vikasahihishwa, na hapo ndipo ninapotaka kusimama na wewe, msikilizaji.

Masahihisho hayo yanasema kwamba picha ya kulinganishia, ile ambayo nyingine zote zitapimwa kwayo, ni ya baada ya mionzi, inayopigwa wiki nne hivi tangu mionzi iishe. Si ile ya siku ya ugonjwa kugunduliwa, wala ile ya baada ya upasuaji. Kutoka hapo mgonjwa wa aina hii hufuatiliwa kila miezi miwili mpaka minne kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Picha ya mashaka katika miezi mitatu ya kwanza inataka nyingine ya kuthibitisha, baada ya wiki nne mpaka nane.

Sasa nenda na kanuni hizo mpaka nyumbani kwa mama wetu wa Ipuli. Picha yake ya kwanza ni CT ya Kitete. Ya baada ya upasuaji ni MRI, iko kwenye kompyuta za Dar es Salaam. Ya wiki nne baada ya mionzi hakupigwa, kwa kuwa alikuwa amechoka, nauli imekwisha, na hakuna aliyemkazania. Ya miezi miwili amepiga kwenye mji mwingine, kwenye mashine nyingine, na daktari aliyeisoma hakuwa na chochote cha kulinganisha zaidi ya karatasi inayosema "uvimbe wa sentimita tatu". Sentimita tatu upande gani, kwenye kipande cha ngapi, kwa sindano ya dawa au bila sindano? Daktari yule hakukosea kazi. Ameandika alichokiona. Aliambiwa aseme kama kitu kimekua, na hakupewa cha kukipimia.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na shangwe zetu. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikanunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo kubwa, nalisema bila kigugumizi. Zamani mtu wa Kaliua aliyeanguka ghafla alisafirishwa siku nzima ili tu ijulikane kama ni damu imevuja au la. Leo CT ya mkoani inajibu hilo kwa dakika. Hata kwa aliyepigwa mionzi ina kazi yake: akianza kutapika sana, kusinzia mchana kutwa au kuanguka kifafa mfululizo, usimpakie kwenye basi la Dar. Mpeleke Kitete usiku huohuo, CT itaonyesha kama maji yamejaa kichwani au ubongo umesukumwa. Ila kutofautisha uvimbe uliorudi na kovu la mionzi si kazi ambayo CT inaiweza vizuri. Hiyo ni kazi ya MRI, nayo kwa mtu wa huku maana yake mara nyingi ni safari, iwe Mwanza, Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Dar es Salaam. Tumekata utepe wa mashine, tumepiga picha za viongozi wakiigusa, lakini sijasikia hata mara moja utepe ukikatwa kwa ajili ya mahali pa kutunzia picha zenyewe.

Wenye mashine bora kuliko zetu wana njia za ziada. Wanaweza kupima wingi wa damu inayopita kwenye ule weupe: uvimbe ulio hai hunywa damu nyingi, tishu iliyokufa hunywa kidogo. Wanaweza kupima kemikali zilizomo, au jinsi maji yanavyotembea kati ya chembe. Wapo na wanaotumia kipimo cha PET chenye vijenzi vya protini vilivyotiwa mionzi kidogo, kwa sababu PET ya kawaida ya sukari inachanganywa na ubongo wenyewe, ambao ni mlaji mkubwa wa sukari. Vyote hivyo ni vizuri, na hata vyote vikijumlishwa bado hubaki wagonjwa ambao jibu lao linapatikana kwa kusubiri na kupiga tena. Kwa hiyo sitaki mtu aseme Tabora hatuwezi kufuatilia wagonjwa mpaka tuletewe PET. Tungeanza na picha nne zilizopigwa kwa wakati, kwa utaratibu mmoja, zikawekwa pamoja.

Kuna kisa kimoja kinanifurahisha. Mgonjwa wa kwanza duniani kupigwa CT ya kichwa alipigwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, Uingereza, na alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Mashine ilikuwa ya Godfrey Hounsfield. Hesabu za picha hazikuweza kufanyika palepale, ikabidi utepe wa sumaku upelekwe upande mwingine wa London kwenye kompyuta kubwa, ndipo picha ikapatikana. Tangu siku ya kwanza, picha hizi zilikuwa na safari. Na Hounsfield alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aligawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuifikiria hesabu hiyo mwaka 1956 akifanya kazi Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya Ulaya tu, mwambie asome tena.

Turudi kwenye safari ya picha zetu. Utepe wa Hounsfield ulibebwa kwa gari. Leo mkongo wa taifa wa mawasiliano umefika Tabora, na faili la MRI ya kichwa ni dogo kuliko sinema ambazo vijana wanapakua usiku kwa bando la chuo. Tulicho nacho mkononi ni bahasha kubwa ya kaki yenye filamu, imekunjika pembeni, imeingia unyevu wa masika, na mtoto ameichorea kwa nyuma. Au ni sidii, halafu kompyuta ya ofisi ya daktari haina tena mahali pa kutia sidii. Au ni picha ya filamu iliyopigwa kwa simu mbele ya dirisha, ikatumwa WhatsApp, na katikati kuna mwanga wa dirisha umemeza upande wote wa kulia wa ubongo. Mwenye kutuma amejitahidi, simlaumu. Lakini MRI moja ina mamia ya vipande, na daktari anahitaji kuvipitia mwenyewe, kuongeza na kupunguza mwanga, kupima. Kipande kimoja kwenye simu hakimpi hilo.

Ningekuwa na sauti kwenye vikao vya wizara ningeomba jambo dogo: mgonjwa akimaliza mionzi, picha zake zote zitumwe kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa anakotoka, faili kamili la mashine, pamoja na ramani ya mionzi inayoonyesha sehemu gani ya kichwa ilipata kiasi gani. Bila ramani hiyo, daktari wa Kitete atajuaje kama weupe mpya uko ndani ya eneo la mionzi au nje yake? Hili halihitaji jengo jipya.

Mpaka hapo watakapolifanya, kazi inabaki kwa familia. Ombeni nakala ya picha kwenye flashi kabla hamjaondoka mjini, na nakala nyingine muiache kwa ndugu wa pili, maana nyumba huungua na mabegi huibwa. Andikeni kwenye daftari tarehe ya kuanza mionzi, tarehe ya kumaliza, mara ngapi, grei ngapi. Na andikeni deksamethazoni. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu dawa hiyo, ambayo wengi mnaiita deksa, inauzwa madukani kama njugu. Inakausha maji kwenye ubongo na kupunguza ule uvujaji. Mtu akiinywa wiki mbili kabla ya kipimo, picha inaweza kuonekana imependeza na uvimbe uko palepale. Akipunguziwa, picha inaweza kuonekana imechafuka na hakuna kilichokua. Daktari asipoambiwa, anapotoshwa. Na usiikatishe ghafla eti upate picha ya kweli. Mwili ulioizoea ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuanguka vibaya. Mwambie tu unakunywa miligramu ngapi na tangu lini. Kama mgonjwa ana shida ya figo, au ana chuma mwilini, liseme hilo nalo kabla ya sindano na kabla ya kuingizwa kwenye sumaku ya MRI.

Wapo watakaoniuliza kuhusu uvimbe wa taratibu, ule wa kwenye utando wa ubongo, au wa tezi iliyo chini yake. Hizo ratiba zake ni nyingine, mara nyingi picha moja kwa mwaka inatosha baada ya muda, na huendelea miaka mingi. Mtu ambaye amepita miaka mitatu salama huona uchovu kusafiri kupiga picha ya kichwa kisichouma. Namwelewa, na bado namwomba aende.

Na yule mama wa Ipuli, na kikao chake cha ng'ombe? Kama anatembea, anakula, maneno yake yananyooka, hana udhaifu mpya, na hajaongezewa deksa, basi picha ile ya miezi miwili haitoshi kumwambia chochote cha mwisho. Ng'ombe mmoja auzwe, si zizi, apate nauli ya kurudi kwenye MRI baada ya wiki nne mpaka nane, kwenye mashine ileile ikiwezekana, picha zote za awali zikiwa mkononi. Dawa zake asiziache katikati. Na wakifika kwenye dirisha la mapokezi, kabla hawajatoa hata shilingi, wamuulize aliyekaa pale: daktari atakayesoma picha hii atazifunguaje hizi za zamani tulizokuja nazo?